Ukakamavu wa bamba la faiba: jinsi ya kuupima na kuuingiza kwenye modeli

Anayeuliza leo ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, kesho ni fundi wa boti, na swali ni lile lile: "Nimetengeneza bamba la faiba, programu ya kukokotoa miundo inataka E1, E2 na wenzake. Nizitoe wapi?" Wengi huwa wameshanakili namba kutoka jedwali la mtandaoni, wanachotaka ni mtu wa kuwaambia kwamba ni sawa.

Si sawa. Nondo ukiinunua Kariakoo au Mombasa, ukakamavu wake, yaani inavyokataa kunyooka na kupinda, ni karibu GPa 200 (gigapaskali), kwa sababu kiwanda kilishamaliza kazi. Bamba la faiba halina kiwanda cha namna hiyo. Ukakamavu wake unapatikana siku unapolimwaga: rezini imeingia kiasi gani, nyuzi zimelala vipi, hewa imebaki wapi. Watu wawili wanaweza kutumia ndoo moja ya rezini na roli moja ya kitambaa, wakatoka na mabamba mawili yasiyolingana.

Mwongozo huu ni wa bamba la nyuzi za kioo na rezini ya polyester, nyuzi zote zikielekea upande mmoja. Ukishalielewa hilo, mati (nyuzi zilizotawanywa kila upande) na mkonge ni marekebisho tu, nayo nimeyagusa mbele.

Nadharia unayohitaji ni kidogo. Bamba la namna hii lina tabia kama ubao: kwa kufuata nyuzi ni kakamavu, kwa kukatiza nyuzi ni legevu. Kwa hiyo unatafuta namba nne. E1 ni moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, kwa kufuata nyuzi. E2 ni moduli kwa kukatiza nyuzi. G12 ni moduli ya shia, yaani bamba linavyozuia mraba uliochorwa juu yake usilale upande. ν12 ni uwiano wa Poisson: ukilivuta kwa kufuata nyuzi, linanywea kiasi gani upande wa pili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Bamba lenye unene wa mm 3 hivi, lisilopungua mm 500 kwa 500, pamoja na kumbukumbu ya uzito wa kitambaa na rezini uliyotumia
- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01
- Maikromita. Kalipa inatosha kwa urefu na upana, si kwa unene
- Tanuri la kauri au la maabara linalofika nyuzijoto 565, na vikombe vya kauri
- Simu yenye kirekodi sauti, na kompyuta yenye Audacity, programu ya bure ya sauti
- Vipande viwili vya sponji, kijiti chenye kichwa kigumu kidogo, na lahajedwali
- Barakoa ya vumbi laini, miwani, glavu na nguo ya mikono mirefu

Mashine ya kuvuta ni nyongeza nzuri, lakini utaanza bila hiyo.

Hatua

1. Mwaga bamba na uweke alama ya mwelekeo palepale. Chora mstari wa wino usiofutika kwa kufuata nyuzi kabla bamba halijatoka kwenye kalibu. Likishakauka na kukatwa, macho yatakudanganya.

Onyo ambalo halina mjadala: kama rezini yako inahitaji kobalti (kiharakishi), usiikutanishe kobalti na hadina ya MEKP (kigandishi cha rezini) moja kwa moja. Zinalipuka. Kobalti inachanganywa na rezini kwanza mpaka ipotee kabisa, ndipo hadina ifuate, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Kwenye joto la pwani anza na 1, la sivyo itagandia kwenye ndoo hujamaliza tabaka la pili.

Acha bamba likae wiki moja kabla ya kulipima. Polyester huendelea kukomaa baada ya kuonekana imekauka, na bamba la jana litakupa namba ambazo wiki ijayo hutazipata tena.

2. Kata vipande. Unahitaji vipande vya mm 200 kwa 20, vitatu kwa kila pembe: digrii 0, 90, 45 na 30. Pembe inapimwa kutoka ule mstari wa wino, si kutoka ukingo wa bamba, maana ukingo ulikatwa na mtu. Tumia grenda yenye diski ya almasi, kisha malizia kingo kwa msasa wa maji. Vumbi la kioo likikuingia kwenye shingo ya shati utajikuna siku nzima, na mapafu hayawezi kujikuna, kwa hiyo barakoa ibaki usoni mpaka sakafu iwe imefagiliwa kwa maji.

Kuwa mkali kwenye pembe. Kwa bamba la mfano ninalolitumia hapa chini, kosa la digrii 5 kwenye kipande cha 0 linashusha ukakamavu kwa asilimia 6 hivi. Kosa la digrii 10 linaondoa asilimia 20. Ukiona E1 imekuja ndogo, kabla hujalaumu rezini, shika protrakta.

3. Pima unene sehemu tano za kila kipande. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kwenye hesabu ya hatua ya 7 unene unaingia kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo ukisoma mm 2.9 badala ya mm 3.0, moduli inapanda kwa asilimia 11 bila mtu kugusa kitu. Kama upande wa juu wa bamba una mabonde ya brashi, usiupige msasa ili upendeze. Chukua wastani wa vipimo na uandike tofauti kati ya mkubwa na mdogo. Tofauti ikizidi mm 0.2, kipande hicho kikae pembeni.

4. Tafuta densiti. Pima uzito wa kipande hewani, kisha kikiwa kimening'inia kwa uzi mwembamba ndani ya maji. Uzito wa hewani gawanya kwa tofauti ya vipimo viwili, na hapo una densiti kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Pangusa viputo vinavyong'ang'ania kingo. Kila kimoja kinaelea na kukupunguzia namba. Tuseme umepata 1.708.

5. Choma rezini upate sehemu ya nyuzi. Kata vipande vidogo vitatu kutoka sehemu tofauti za bamba, kila kimoja gramu 2 hadi 5. Vipime, vitie kwenye vikombe, viingie tanurini kwenye nyuzijoto 565 mpaka kioo kinachobaki kiwe cheupe. Ukiona weusi, rudisha. Moshi wake ni mbaya, kwa hiyo tanuri liwe chini ya kofia ya kutolea hewa au nje kabisa.

Kipande cha gramu 3.20 kikiacha gramu 1.92 za kioo, nyuzi ni 0.60 ya uzito. Usiingize 0.60 kwenye fomula za hatua ya 6! Zile zinataka sehemu ya ujazo. Unaipata hivi:

Vf = sehemu ya uzito × densiti ya bamba ÷ densiti ya kioo = 0.60 × 1.708 ÷ 2.56 = 0.40

Asilimia 60 ya uzito ni asilimia 40 tu ya ujazo, kwa sababu kioo ni kizito kuliko rezini mara mbili na zaidi. Nimeona modeli nzima zikikosea kwa karibu nusu kutokana na mstari huu mmoja.

Fanya hivyo hivyo kwa rezini: 0.40 × 1.708 ÷ 1.20 = 0.57. Jumla ya nyuzi na rezini ni 0.97. Kilichobaki, asilimia 3, ni hewa. Kwa bamba la mkono si ajabu, lakini si jambo la kujivunia.

Tahadhari: kama rezini ilitiwa chokaa au unga mwingine wa kujaza, unga huo hauungui kwenye joto hilo. Unabaki kikombeni na kuhesabiwa kama kioo. Kata sampuli isiyo na jelikoti, lile tabaka la nje la rezini tupu.

6. Kadiria kwa hesabu kabla ya kupima. Watu wengi huiruka hatua hii wakidhani kipimo kinatosha. Kipimo kisicho na matarajio hakikuambii kama umekosea. Chukua kioo cha aina ya E: moduli GPa 72, Poisson 0.22. Polyester: GPa 3.5, Poisson 0.36.

E1 = 72 × 0.40 + 3.5 × 0.60 = GPa 30.9

ν12 = 0.22 × 0.40 + 0.36 × 0.60 = 0.304

Kwa E2 usitumie ile fomula ya kugeuza namba juu chini inayopatikana kila kitini. Hapa inakupa GPa 5.7, na vipimo karibu kila mara huja juu ya hapo. Tumia ya Halpin na Tsai, η ikiwa namba ya kati tu:

η = (72/3.5 − 1) ÷ (72/3.5 + 2) = 0.867

E2 = 3.5 × (1 + 2 × 0.867 × 0.40) ÷ (1 − 0.867 × 0.40) = GPa 9.1

G12 inafuata njia hiyo hiyo, ila pale penye 2 weka 1, na badala ya E tumia G ya kioo (29.5) na ya rezini (1.29). Inatoka GPa 2.8.

7. Gonga kipande na usikilize. Kipande kilicho huru kina mlio wake, na mlio huo unabeba moduli. Weka sponji mbili nyembamba chini ya kipande, kila moja sehemu ya 0.224 ya urefu kutoka mwisho wake. Kwa kipande cha mm 200 ni mm 45. Hapo ndipo kipande hakitikisiki kinapolia, kwa hiyo sponji haziuzimi mlio. Weka simu juu ya katikati ya kipande, sentimita chache tu, gonga katikati kwa kijiti, kisha acha.

Fungua rekodi kwenye Audacity, chagua eneo la mlio mmoja tu, chora spektramu yake (grafu ya nguvu ya kila masafa) kwa ukubwa wa 16384 au 32768. Ukubwa mdogo hautenganishi namba zilizo karibu. Kilele kirefu cha kwanza ndicho f. Kihakiki: kilele cha pili cha kupinda kinatakiwa kuwa karibu mara 2.76 ya cha kwanza, kwa hiyo ukiwa na 310 Hz tafuta kingine karibu na 855. Ili kiwe na nguvu ya kuonekana, gonga karibu na ncha, maana ukigonga katikati kamili hakijitokezi. Vilele vya 50, 100 na 150 Hz ni umeme wa jengo. Zima feni.

Fomula ni hii, m ni uzito, b upana, L urefu na t unene, vipimo vyote vikiwa mita, kilo na Hz:

E = 0.9465 × (m × f² ÷ b) × (L ÷ t)³

Kipande cha gramu 20.5, upana mm 20, urefu mm 200, unene mm 3.00, kikilia kwa 310 Hz kwenye digrii 0, kinatoa GPa 27.6. Cha digrii 90 kikilia kwa 180 Hz: GPa 9.3. Cha digrii 45 kwa 168 Hz: GPa 8.1. Urefu ukiwa zaidi ya mara 60 ya unene, masahihisho ya shia hayafiki asilimia 1. Yaache.

8. Toa G12 kwenye kipande cha digrii 45. Hakuna haja ya jaribio jingine:

1/G12 = 4/E45 − 1/E1 − 1/E2 + 2ν12/E1

Kwa namba zetu ni GPa 2.7. Kumbuka kipande cha digrii 45 kikipinda hujikunja kidogo pia, ndiyo maana nasisitiza upana usizidi sehemu ya kumi ya urefu.

9. Linganisha, kisha urekebishe modeli. E2 ilikadiriwa 9.1, imepimwa 9.3. G12 ilikuwa 2.8, imekuja 2.7. E1 ndiyo yenye kesi: 30.9 dhidi ya 27.6. Upungufu wa asilimia 11 upande wa nyuzi, huku upande wa rezini ukiwa salama, unaelekeza kidole kwenye nyuzi zenyewe: zimeyumba kwenye kitambaa, au zimezama upande mmoja wa unene. Tia kisahihishi mbele ya sehemu ya kioo: (27.6 − 2.1) ÷ 28.8 = 0.89. Kisahihishi hicho ni cha mkono wako na kalibu yako. Bamba linalofuata, la Vf nyingine lakini la fundi yule yule, utalikadiria nacho na utakuwa karibu.

Ukiwa na vipande vingi, iachie lahajedwali kazi: weka E1, E2 na G12 kama namba za kubadilika, kokotoa f ya kila kipande, na umwambie Solver, kitafuta-jibu cha lahajedwali, apunguze jumla ya miraba ya tofauti za asilimia. Tumia asilimia, si Hz, la sivyo vipande vya digrii 0 vitameza vingine vyote.

10. Ingiza kwenye programu. Kwenye CalculiX, programu ya bure ya kukokotoa miundo, nyenzo hii ni ENGINEERING CONSTANTS na inataka namba tisa. Usiogope, 3 ni mwelekeo wa unene: E3 = E2, ν13 = ν12, G13 = G12. ν23 weka 0.4 hivi, na G23 = E2 ÷ (2 × 1.4) = GPa 3.3. Ukichora kwa milimita, moduli ziwe MPa na densiti iwe tani kwa milimita ya ujazo: 1.708e-9. Usisahau kuambia programu nyuzi zinaelekea wapi. Asiyeweka mwelekeo anapewa mhimili wa x, na programu haitamlalamikia.

11. Jaribu modeli kwa kipande ambacho hakikushiriki. Vile vya digrii 30 ndiyo kazi yake. Kwa namba tulizopata, hesabu inatabiri GPa 10.8, yaani mlio wa karibu 194 Hz kama kipande kina vipimo vile vile. Gonga. Ukipata kati ya 188 na 200, namba zako zinafanya kazi. Ukipata 215, usirekebishe G12 mpaka ikubali. Rudi kwenye pembe na unene.

Kama una mashine ya kuvuta

Fuata ASTM D3039, kiwango cha jaribio la kuvuta: kipande cha digrii 0 ni mm 250 kwa 15, unene mm 1, cha digrii 90 ni mm 175 kwa 25, unene mm 2. Vipande visipungue vitano. Moduli husomwa kati ya streini (mnyooko ukigawanywa kwa urefu) 0.001 na 0.003, kwa geji iliyobandikwa au ekstensomita, vifaa vya kupima mnyooko kwenye kipande chenyewe, kamwe si kwa mwendo wa mataya ya mashine, maana huo unajumlisha kuteleza na kunyooka kwa mashine yenyewe.

Uliza uwezo wa mashine kabla hujapanda basi. Mashine nyingi za kupima nondo ni za mamia ya kN. Kipande chako cha mm 15 kwa 1, kwenye streini 0.003, kinavutwa kwa kN 1.2 tu. Kwenye mashine ya kN 1000 hiyo ni kelele.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna kilele, au viko vingi vya kimo kimoja.* Sponji haziko mahali pake, au unagonga kwa kitu kizito. Ncha ya kalamu inatosha.

*Vipande vitatu vya pembe moja vinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10.* Tazama densiti yake kimoja kimoja. Chepesi kina hewa au rezini nyingi.

*Moduli ya kugonga hailingani na ya kuvuta.* Huenda zote ni sahihi. Kugonga kunapinda kipande, na kupinda kunasikiliza zaidi nyuzi za juu na chini kuliko za katikati. Bamba la mkono lenye ngozi nene ya rezini juu litatoa moduli ndogo kwa kupinda. Boti inayopindwa na mawimbi itumie ya kupinda.

*1/G12 inatoka hasi au G12 inazidi E2.* Kipande cha digrii 45 si cha digrii 45.

*Programu inakataa nyenzo.* Angalia kama ν12 na ν21 zimebadilishana. ν21 = ν12 × E2 ÷ E1, hapa ni 0.10, ndogo kuliko 0.304.

*Bamba ni la mati, si la mwelekeo mmoja.* Vf yake itakuwa ndogo, mara nyingi chini ya 0.25. Kokotoa E1 na E2 kwa Vf hiyo kama kwamba nyuzi zimelala upande mmoja, kisha E = 3/8 ya E1 + 5/8 ya E2, na hiyo ni ya pande zote za bamba.

*Bamba ni la mkonge.* Hatua ya 5 haifai kabisa: mkonge utaungua pamoja na rezini, ubaki na majivu. Kausha nyuzi kwenye nyuzijoto 105 mpaka uzito usibadilike, zipime kabla ya kumwaga, kisha pima bamba lililomalizika. Tofauti ndiyo rezini. Densiti ya mkonge chukua 1.45. Moduli yake ndiyo ngumu, kwa sababu vitabu vinatoa chochote kati ya GPa 9 na 22, na uzi mmoja wa mkonge si wa duara wala si mnene sawasawa kutoka shina hadi ncha, kwa hiyo kupima uzi mmoja mmoja ni mateso. Fanya kinyume: gonga bamba la digrii 0, upate E1, kisha utoe moduli ya uzi kutoka fomula ya hatua ya 6. Andika na unyevu wa siku hiyo. Mkonge wa Tanga wakati wa masika na mkonge ule ule Januari havitakupa namba moja.

*Mteja anauliza bamba litavunjika kwa kilo ngapi.* Hakuna mlio utakaokuambia hilo. Kila kitu hapa ni ukakamavu. Uimara unataka mashine na vipande vya kuvunja.